Somo: Mwanamke wa Shamba na Kupanga Uzazi

Husemwa mara nyingi katika baraza zetu za mjini kwamba mwanamke wa shamba hapangi uzazi kwa sababu ya ujinga. Dhana hii si sahihi. Natuitazame bara ya Mlima Kenya, Kianjai ya Tigania katika Meru na jirani zake wa Embu, ambao aghlabu ni wakulima. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika Embu wanawake 75 katika kila 100 walioolewa hutumia njia za kisasa. Katika Kenya nzima ni 57. Basi ujinga huo uko wapi?

Meru ina tarehe yake katika jambo hili. Miaka ya 1930 watawala wa kikoloni waliwaona Wameru ni wachache, wakaingilia hata tohara ya wasichana ili mimba zisitolewe na watu wazidi. Mwaka 1967 serikali ya Kenya huru ikaanzisha mpango wa kupunguza uzazi. Wale walitaka watoto wengi, hawa wachache. Mwenye kuzaa hakuulizwa sana. Miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa bado akizaa watoto wapatao 8. Mwaka 2022 ilikuwa 3.4.

Mkaaji wa Kianjai hahitaji kuhubiriwa habari za sindano. Sindano ya miezi mitatu ni safari nne kila mwaka, na dawa ikiwa imekwisha zahanatini, siku yake ya shamba imepotea. Hedhi ikivurugika naye hakuambiwa mapema, huingiwa na hofu akaacha, na jirani zake wakaacha pamoja naye. Kijiti cha mkononi hukaa miaka mitatu au mitano, lakini ataka kujua: siku akitaka kitolewe, kitatolewa? Tangu mwaka 2023 wahamasishaji wa afya zaidi ya 100,000 wametumwa nyumba kwa nyumba nchini. Kazi yao ya kwanza ni kulijibu swali hilo.

Nasi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Jabir amepokea kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli zama Qurani ikiteremka, na wanazuoni wengi wakashurutisha ridhaa ya mke. Muuguzi amwekeaye mwanamke kijiti bila ya kumweleza, na mume amkatazaye bila ya kumsikiliza, wote wawili wameiruka ridhaa hiyo.