Upatanisho wa Ngeli na Uteuzi wa Programu za Biashara: Mfano wa Vyama vya Maziwa Nakuru

Makala hii inashughulikia swali ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi wa tarakilishi peke yao: chama cha ushirika kinapoteua programu ya kuendeshea biashara kwenye intaneti, lugha ya mtumiaji hupewa nafasi gani? Mfano unaotumiwa ni wa vyama vya maziwa katika eneo la Nakuru, kuanzia Molo na Njoro hadi Bahati na Subukia. Mkulima wa huko hupeleka maziwa kituoni, yakapimwa, na mwisho wa mwezi akalipwa baada ya makato ya lishe, matibabu ya mifugo na mkopo. Kituoni hukutana Wakikuyu, Wakalenjin na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha. Programu nyingi zinazouzwa kwa kazi hiyo, hata hivyo, huandikwa kwa Kiingereza kwanza.

Kamati za ununuzi huuliza bei ya leseni, mahali data itakapohifadhiwa, na iwapo programu itaunganika na M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007. Maswali hayo ni ya haki. La pili lilipata uzito zaidi baada ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Lakini Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi bidhaa na huduma. Mkulima asiyeweza kusoma makato yake hana namna ya kuyapinga.

Je, si suala la kutafsiri tu? Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika. Programu huria kama Odoo, yenye asili ya Ubelgiji, huhifadhi matamshi yake katika majalada ya tafsiri, sentensi baada ya sentensi. Sentensi nyingi huwa na pengo ambamo programu hujaza nomino yenyewe. Kiingereza hakisumbuki, kwa kuwa kitenzi chake hakibadiliki kwa ngeli. Mfasiri wa Kiswahili akiandika “[pengo] imesajiliwa”, atapata “akaunti imesajiliwa”, ambayo ni sahihi, kisha “mwanachama imesajiliwa”, “kituo imesajiliwa” na “maziwa imesajiliwa”. Ilipasa kuwa amesajiliwa, kimesajiliwa, yamesajiliwa. Msomaji ataelewa, lakini atajua pia kwamba aliyeandika hakumfikiria.

Mfumo wa majalada hayo una nafasi ya umoja na wingi pekee. Data ya lugha inayotunzwa na Unicode nayo inakipa Kiswahili maumbo hayo mawili, basi. Maktaba ya programu iitwayo ICU, inayotumika katika Java na PHP miongoni mwa nyinginezo, humruhusu mwandishi kuweka matawi ndani ya sentensi moja na kuchagua tawi kwa kigezo atakacho, ngeli ikiwemo. Kwa hiyo majukwaa mawili yanayolingana kwa bei yaweza kutofautiana sana kwa Kiswahili. Anayefungwa na jukwaa lisilo na matawi bado ana njia: aepuke kiambishi cha nafsi na kuandika “Usajili umekamilika: kituo”. Si ufasaha wa kujivunia, lakini sarufi haivunjwi.

Saa nazo zina mtego. Maziwa yaliyopokelewa saa kumi na mbili na nusu asubuhi huandikwa 06:30 na mashine. Karani amezoea kugeuza kichwani; anayebishana kuhusu maziwa yaliyochacha huenda asigeuze.

Kuhusu istilahi, mjadala wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi umechukua muda mwingi kuliko unavyostahili. Mkulima wa Subukia hakutani na neno hilo katika taarifa yake. Hukutana na salio, makato, riba, dhamana na risiti, na yote anayo tayari. Stakabadhi ni neno zuri, ila kituoni watu husema risiti.

Kazi ya namna hii imewahi kufanyika. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Uliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Programu iliyofungwa mara nyingi humwacha mteja akisubiri hiari ya mtengenezaji.

Kamati inaweza kumtaka muuzaji, kabla ya kutia sahihi, aonyeshe skrini moja ya usajili kwa Kiswahili ikiwa na nomino tano: mwanachama, mkopo, kituo, akaunti na maziwa. Jaribio hilo huchukua dakika chache, na mwanafunzi wa Kiswahili wa Egerton, pale Njoro, anaweza kulisimamia.