Somo la Robo Hii: Tumsikilize Dereva Kabla ya Kupakia



Katika bajeti nyingi tunazopokea ofisini, usafiri huandikwa mstari mmoja tu, tena wa mwisho: "Usafiri wa vifaa." Mabati yamehesabiwa moja moja na misumari imepimwa kwa kilo, lakini lori, dereva na utingo wake wamebanwa katika tarakimu moja ya kukisia. Lengo la somo hili ni kutusaidia kuupanga mstari huo vizuri zaidi. Tunajifunza kutoka Igalula, wilayani Uyui, mahali ambapo kusafirisha mizigo ni kazi ya siku nyingi kuliko ofisi zetu zote.

1. Tulikotoka

Njia ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Unyanyembe. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 na kuingia Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliofanya kazi kwa ujira, walibeba kila mmoja frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Pembe za ndovu zilikwenda pwani. Vitambaa, shanga na nyaya za shaba zilikuja bara. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, kwa hiyo hatuisimulii kwa majivuno. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, mtu aliyeijua njia.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Igalula ni moja ya stesheni zake. Lakini reli haiingii kila kijiji. Wakimbizi wa Burundi walipopewa makazi Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1972, TCRS, shirika la huduma lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilikuwa miongoni mwa wahudumu wao. Chakula, mbegu na vifaa vya watu wengi namna hiyo haviingii porini bila magari. Tena, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalipoikata reli upande wa Kilosa, bara ilizidi kutegemea malori.

Tufanye hesabu ndogo. Lori la tani 10 hubeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 300. Ndani yake wamo watu wawili: dereva na utingo. Tumbaku, mahindi, karanga na asali hutoka mikononi mwao. Saruji, mbolea na dawa huingia kwa mikono hiyo hiyo.

2. Tulipokosea

Mwaka mmoja, mwezi Desemba, tulipakia mifuko 200 ya saruji kwa ajili ya vyumba vya madarasa katika kijiji kilicho mbali na barabara kuu. Dereva alikuwa ameipita njia ile miaka mingi. Alituambia wakati wa kupakia: "Mbuga ile haitabeba tani kumi. Nipeni nusu niende mara mbili, au tusubiri hadi Mei." Tukamjibu kwamba fedha za mwaka lazima zitumike kabla ya tarehe 31, kwa kuwa ripoti inasubiriwa.

Lori lilizama hadi kwenye ekseli. Walikaa pale siku tatu na mvua inanyesha, na turubai lilikuwa limechanika. Wanakijiji walikuja na baiskeli, wengine wakajitwisha mifuko kichwani. Mfuko wa saruji una kilo 50, hivyo tuliwatwisha mzigo mzito kuliko wa mpagazi wa zamani, na hatukuwa na ujira wa kuwapa. Mifuko zaidi ya 60 iliganda ikawa mawe. Utingo aliumizwa mguu na jeki iliyoteleza kwenye tope. Katika bajeti yetu hapakuwa na senti ya matibabu. Dereva alitoa mfukoni mwake.

Hatukukosa fedha wala lori. Tulikuwa na kirangozi, hatukumsikiliza. Tulipomweleza mfadhili ukweli wote, alikubali salio livuke mwaka, jambo ambalo sisi hatukuwahi kuthubutu kumwomba. Utingo yule anachechemea mpaka leo.

3. Mambo ya kupanga

Kalenda. Mvua za Tabora huanza kati ya Oktoba na Novemba na kuendelea hadi Aprili hivi. Mwaka wa fedha wa wafadhili wengi hufungwa Desemba. Kalenda hizi mbili zinagongana. Vifaa vizito visafiri kati ya Juni na Septemba. Wafadhili, tunawaomba mtoe fedha za ujenzi mapema, au mruhusu salio livuke mwaka.

Kipande cha mwisho. Lami ya Nyahua hadi Chaya, kilomita 85 hivi, ilizinduliwa mwaka 2022, na safari ya kwenda Itigi na Dodoma imekuwa nyepesi. Lakini mradi hauishii kwenye lami. Bajeti ioneshe peke yake gharama ya kutoka barabara kuu hadi eneo la kazi: gari dogo, trekta au mkokoteni.

Uzito. Katika Afrika Mashariki gari lenye mzigo halitakiwi kuzidi tani 56, hata likiwa na ekseli nyingi. Tusimshawishi dereva azidishe mzigo ili tuokoe safari. Faini ni yetu, na barabara inayoharibika ni yetu. Vivyo hivyo tuache lumbesa.

Watu. Tuweke fedha za chakula, malazi na matibabu ya dereva na utingo. Tusimlazimishe dereva kusafiri usiku akiwa amechoka. Asipandishwe mtu juu ya mzigo, hata akiwa mjumbe wa kamati.

Karatasi. Hati ya mzigo ioneshe idadi, na isainiwe na mpakiaji, dereva na mpokeaji. Zamani hongo ilikuwa ushuru wa njia waliolipwa watemi. Leo neno hilo lina maana nyingine. Dereva mwenye karatasi kamili hana sababu ya kuitoa.

4. Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika mradi wetu wa mwisho, nani aliulizwa kuhusu hali ya njia kabla ya kupanga tarehe?
2. Mzigo ukikwama leo, nani atawalipa watakaoubeba?
3. Je, tunalijua jina la utingo aliyeshusha mabati ya jengo letu?

Swali la tatu tulijiulize sisi wa ofisini kwanza. Majibu yenu yatufikie kabla ya kuandaa bajeti za mwaka ujao.