Damu Isiyo na Jina
Katika uchunguzi wa UKIMWI na malaria wa mwaka 2011–12, wapimaji walipita vijijini wakiuliza maswali na kuomba damu ya kidoleni. Matone yalikaushwa juu ya karatasi, yakabandikwa namba badala ya jina.

Je, namba yatosha? La! Katika kijiji kidogo cha Kilwa, ukisema “mkunga, mjane, miaka 45,” kila mtu atamjua. Kwa hiyo kijiji cha shamba husogezwa kwenye ramani, hata kilometa 5.

Lakini siri ile ilikuwa na gharama: mwenye damu hakuletewa majibu ya UKIMWI. Uchunguzi wa 2016–17 uliwapa watu majibu yao nyumbani. Basi tujifunze: kutunza siri ya mtu si kumficha mwenyewe.