Somo la Ufundi: Boljointi za Mbele



Safari hii tunasoma habari za kifaa kinachotosha kiganjani, lakini kimebeba maisha ya dereva na ya wapakiaji wanaokaa nyuma juu ya majani ya chai. Kifaa hicho ni boljointi. Mafundi wengi wa Gisenyi, kama wenzao wa Goma, huiita rotuli, kwa maana ufundi wao waliupata kwa Kifaransa. Ni kichwa cha chuma cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe, kama mfupa wa paja unavyokaa kwenye nyonga. Ndiyo inayounganisha mikono ya chini ya gari na kile chuma kinachoshika gurudumu, yaani nakali.

Barabara kuu ya kutoka Musanze ina lami, lakini majani ya chai hayaoti kando ya lami. Gari letu hupita juu ya mawe ya volkano, mzigo ukiwa umezidi. Hata hivyo jiwe peke yake haliui boljointi. Muuaji ni mpira wa kukinga vumbi uliochanika. Grisi hutoka, tope na vumbi kali huingia, na chuma husaga chuma.

Katika shamba moja ambalo hatulitaji, pikapu iligonga mbele kwa wiki mbili. Dereva aliripoti. Msimamizi akamjibu kuwa majani yakichelewa yataharibika, na hilo ni kweli. Siku ya pili gurudumu la kushoto lililala chini ya gari kwenye kona. Bahati gari lilikuwa tupu na linapanda polepole. Lingekuwa linashuka na wachumaji nyuma, tungekuwa tunaandika mengine.

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi, akiwa na sababu ya haki ya kuamini kuwa ina hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyostahili. Ndugu, maneno hayo yana nguvu zaidi mdomoni mwa dereva aliyepima. "Gari linagonga" ni lalamiko. "Boljointi ya chini kushoto inacheza, njoo uone" ni ushahidi.

Basi tupime. Kwanza hakikisha gari lako lina boljointi za namna hii. Land Cruiser za aina ya 70 zina ekseli nzima mbele, na nakali yake huzunguka juu ya beringi. Kwenye gari lenye mikono, kama springi imekalia mkono wa chini, weka jeki chini ya mkono huo, karibu na boljointi, ili uzito uiachie. Ukiinua kwa chasi tu, springi itaibana na ubovu utajificha. Sasa tia mtaimbo chini ya tairi uinue, mwenzako akiangalia kifundo. Kisha shika tairi juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha, mbovu ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, tazama kifundo. Wengi wamenunua boljointi bure kwa kuruka hatua hii.

Kubadili si kazi ngumu, ila ni ya hatari. Weka kigingi nyuma ya magurudumu, na gari likae juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi, wala matofali. Mwajiri asiye na stendi karakana ni wa kuulizwa na wajumbe wa wafanyakazi. Toa gurudumu, funga breki kwa waya isining'inie kwa mpira wake. Jeki ibaki chini ya mkono wenye springi, maana nguvu iliyomo humo huvunja mkono wa mtu. Chomoa pini, legeza nati yenye meno, lakini iache imeshika nyuzi chache, ili kifundo kikiachia kisiruke. Piga ubavu wa nakali kwa nyundo mbili kwa wakati mmoja. Usipige ncha ya boljointi. Kwa kuwa gari letu huvuta kwa magurudumu yote manne, usiache nakali ianguke nje, utavuta shafti ya mbele na kuchana mpira wake.

Tundu la nakali lisafishwe likauke, bila grisi. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu cha gari. Tundu la pini lisipolingana, endelea kukaza kidogo. Kamwe usirudishe nyuma. Pini iwe mpya. Kama kuna nipo, jaza grisi mpaka mpira uvimbe kidogo tu, usipasuke. Upande mmoja ukichakaa, upime na wa pili siku hiyo hiyo.

Na vipuri vya okazioni? Taa ya okazioni sawa, mlango sawa. Boljointi, hapana.

Baadaye mwelekeo wa magurudumu upimwe, la sivyo tairi zitaliwa upande mmoja. Baada ya siku chache za mzigo, rudi chini ya gari utazame nati na mipira, kisha andika tarehe na kilomita katika daftari la gari, pamoja na jina la aliyeambiwa.