Barakoa Isiyokimbilia Kidevuni

Kwangu mimi, niliyezaliwa Kasulu na kushika chaki katika shule za msingi za Buha kwa miaka 30 na ushei, barakoa lilikuwa neno la kitabuni, jina la kile kifuniko cha wajihi kilichotariziwa uzi wa dhahabu ambacho mabibi wa majumba ya Unguja na Oman walikivaa kwa haya na kwa fahari, na sikupata kudhani kwamba neno hilo la Waarabu na watu wa pwani lingepanda vilima vyetu likatue juu ya pua yangu. Likapanda. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyetoka Ubelgiji akagunduliwa Arusha. Kesho yake shule zikaamriwa kufungwa. Na ilipofika Mei, hesabu za wagonjwa zilipokoma kutangazwa, kila mmoja wetu akabaki na ijtihadi yake. Ijtihadi yangu, madhali umri umekwenda na kifua changu si cha kutumainiwa, ilikuwa kuvaa.

Nilianza vibaya. Barakoa yangu ya kwanza niliinunua kwa mmachinga, nyeusi, ya kitambaa kile cha kuteleza kinachotiwa ndani ya makoti, yenye lastiki fupi zilizonikunja masikio mbele kama ya sungura. Nikapanda nayo basi alfajiri kwenda Kibondo kumtazama binti yangu. Asubuhi za Juni huku juu ni za baridi kali, na ajuaye miwani atanielewa nikisema kwamba kabla hatujatoka Kasulu vioo vyangu vilikwisha kupigwa na ukungu, kwa kuwa pumzi yangu ya moto, iliyozuiwa mbele, ilitafuta njia juu kando ya pua. Nikaishusha barakoa mdomoni. Pua ikanusa vumbi. Nikaipandisha, ukungu ukarudi. Tulipofika Mvugwe niliteremka kunyoosha miguu, nisikione kidato cha mwisho, nikatua kwa magoti katika changarawe mbele ya akina mama wauza ndizi, ambao walinipa pole nyingi na kucheka baadaye. Tangu hapo hadi Kibondo barakoa ilikaa kidevuni, ikikinga ndevu.

Nimeisimulia aibu hiyo kwa sababu nilisikia watu wakilaumiwa kwa ujinga na ukaidi kila barakoa zao zilipoonekana zimening'inia shingoni, ilhali wengi wao, kama mimi, hawakuwa wakaidi hata kidogo: walikuwa wameudhika. Starehe katika jambo hili si anasa ya kufikiriwa baada ya kinga. Kinga yenyewe hupita mlango wa starehe, kwani kitu kinachouma hakivaliwi saa nne mfululizo, hata mwenye kukivaa awe na nia safi namna gani.

Mke wangu ni fundi cherehani. Niliporudi na magoti yangu yaliyochubuka aliigeuzageuza ile nyeusi, akaipeleka dirishani, akaniambia, "Mzee, hiki si kitambaa cha kupumulia, ni cha kufukia." Akatoa mabaki ya kitenge cha pamba na kipande cha shuka kuukuu lililolainishwa na mafuo mengi, akakata matabaka matatu, shuka likawa la ndani linalogusana na ngozi. Alinifundisha mizani yake: kitambaa kikiinuliwa kwenye mwanga, na nuru ikapenya nyuzi kama katika chekeche, ni chepesi mno; na barakoa ikishashonwa, washa kiberiti mbali kidogo na uso, upulize, moto ukizimika mara moja ongeza tabaka. Walakini usipitilize, maana nguo ikiwa nzito kama turubai pumzi haipiti ndani yake tena, bali hutoroka mashavuni, na unabaki umevaa pambo.

Pua ndiyo iliyotusumbua kuliko vyote. Kwanza alishona katika pindo la juu kipande cha waya wa kufungia nondo ili niubane ufuate mwamba wa pua, na ukungu wa miwani ukapungua siku ile ile; lakini baada ya mafuo mawili waya uliota kutu, ukaacha juu ya kitambaa doa la rangi ya chai lisilotoka. Ndipo akachopoa shaba katika kipande cha waya wa umeme, urefu wa kidole, akakunja ncha zake mbili zisichome, akaacha mfuko mdogo wazi upande mmoja wa pindo ili shaba itolewe kabla ya kufua na kurudishwa baadaye. Mwenye miwani avae barakoa kwanza, aubane waya kwa vidole vya mikono miwili kutoka katikati kwenda pembeni, kisha miwani ikae juu ya kitambaa, iwe kama mzigo juu ya mkeka. Pumzi ikienda chini, vioo husalimika.

Lastiki tuliziacha kabisa. Badala yake tulitia kamba nne za utepe wa pamba, mbili zikafungwa kisogoni juu ya masikio, mbili chini shingoni, na masikio yangu yakarudi mahali alipoyaweka Mola. Mwanamke mwenye kilemba au mtandio aweza kuzifunga juu ya nguo, asijikwaruze nywele. Ndevu nilizinyoa, kwa masikitiko, kwa kuwa kidevu chenye kichaka hakikubali kitambaa kulala juu yake, na upenyo wa shavuni ni mlango kama mlango mwingine wowote.

Mengine ni hadhari ndogo ndogo. Nawa mikono kabla ya kuvaa na baada ya kuvua. Shika kamba, usishike mbele. Ikilowa kwa pumzi badilisha, maana iliyolowa haipitishi hewa vizuri. Safarini nachukua tatu, safi katika bahasha ya kaki na chafu katika kifuko cha kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki tuliiaga tangu 1 Juni 2019. Jioni nafua kwa maji ya moto na sabuni ya mawese ya mkoani kwetu, nasuuza mpaka povu liishe, kwani sabuni iliyobaki huwasha midomo, naanika juani, napiga pasi ya mkaa. Watoto walio chini ya miaka 5 usiwavishe.

Lililonishinda kwa muda mrefu ni mazungumzo. Sisi Waha salamu zetu ni ndefu, na nilikuwa na jirani, bibi mzee asiyesikia vema, ambaye kumbe miaka yote alikuwa akisoma midomo yangu; siku ya kwanza nilipomsalimu nimefunika uso alinitazama kwa huzuni akidhani nimemnunia. Kupaza sauti hakukufaa. Kilichofaa ni kurudi nyuma hatua kadhaa, penye uwazi, kushusha kitambaa kwa kamba, kumsalimu polepole, kisha kukipandisha.

Januari 2025, ulipotangazwa ugonjwa wa Marburg huko Biharamulo, si mbali nasi, niliona watu wakizitoa barakoa kabatini, nikawaambia waziweke akiba: maradhi yale huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, na kwa raia wa kawaida sabuni na kutogusa vingefaa zaidi. Kila maradhi na mlango wake.

Safari yangu ya pili ya mwaka ule wa 2020 niliifanya Agosti, wakati wa vumbi jekundu. Utingo, kijana aliyewahi kusoma kwangu, alikuwa na yake ya lastiki, kidevuni. "Shikamoo Mwalimu," akasema, "hii kitu inanibana." Nikampa moja safi kutoka katika bahasha, akanigeuzia kisogo nikamfunga kamba, akaubana waya mwenyewe. Kabla ya njiapanda ya Nduta nilimtazama: amening'inia mlangoni, kitenge kimepakwa wekundu wote kwa nje, naye akiita "Kibondo, Kibondo" kwa sauti nzito isiyo wazi sana, pua ikiwa ndani.