Tahadhari Zinazoandikwa katika Bidhaa na Sheria Inayozisimamia

Mnunuzi anayefungua kifurushi cha waya wa umeme, chubwi za kuvulia samaki au mkoba wa ngozi ya bandia huweza kukuta kijikaratasi chenye alama ya pembetatu ya manjano, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayoeleza kuwa bidhaa hiyo ina kemikali ambayo Jimbo la California linaitambua kuwa husababisha saratani au madhara ya uzazi. Bidhaa yenyewe huenda haikutengenezwa California, na mnunuzi hajafika huko. Wako wanaoyachukulia maneno hayo kuwa ni chapa ya kiwanda tu. Wengine hudhani kwamba bidhaa hiyo imekatazwa kwao na ndiyo sababu ikaletwa kwetu. Dhana zote mbili si sahihi. Kiwanda hakijui kila kifurushi kitaishia soko gani, hivyo hubandika karatasi ile ile kwa mzigo wote kwa kuihofia sheria ya jimbo moja tu la Marekani. Sheria hiyo inafaa kufahamika na watumishi wa Serikali na wananchi, kwa yale iliyoyaweza na kwa yale iliyoyashindwa.

Tarehe 4 Novemba, 1986 wapiga kura wa California waliipitisha, kwa kura zao wenyewe na bila ya kulipitia Baraza lao la Kutunga Sheria, sheria kuhusu maji salama ya kunywa na udhibiti wa sumu. Kwa kuwa katika karatasi ya kura ilipewa namba 65, hadi leo huitwa Pendekezo la 65. Walioikubali walikuwa kiasi cha asilimia 63.

Sheria hiyo ina amri kuu mbili. Ya kwanza inakataza kumwaga kemikali zilizoorodheshwa katika vyanzo vya maji ya kunywa. Ya pili, ambayo ndiyo inayohusika hapa, inamkataza mwenye biashara kumfikishia mtu kemikali hizo, kwa kujua na kwa makusudi, bila ya kumpa kwanza tahadhari iliyo wazi. Isomwe kwa makini: haikatazi kuuza. Bidhaa yenye risasi inaweza kuuzwa mchana kweupe maadamu mnunuzi ameambiwa. Biashara zenye wafanyakazi pungufu ya 10 zimesamehewa. Ofisi za Serikali nazo zimesamehewa, jambo ambalo mtu anaweza kujiuliza sababu yake, maana sumu haibagui imetoka katika bomba la nani.

Orodha ya kemikali hutangazwa chini ya dhamana ya Gavana. Ya kwanza, iliyotolewa Februari 1987, ilikuwa na kemikali 29 tu, miongoni mwao madini ya risasi. Vyama vya wafanyakazi na wenziwao walikwenda mahakamani wakidai kuwa Gavana ameifupisha kinyume na sheria, na mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nao. Zebaki na michanganyiko yake iliingizwa tarehe 1 Julai, 1990 kwa sababu ya madhara yake katika ukuaji wa mimba. Hivi sasa orodha imepindukia kemikali 900. Kila kemikali inapoingizwa, wafanyabiashara hupewa miezi 12 kabla ya wajibu wa kutahadharisha kuanza.

Hadi hapo sheria hii haina ajabu kubwa. Nchi nyingi zina orodha za sumu, na nyingi zina kanuni za maandishi ya bidhaa. Tofauti iko katika utekelezaji, na humo yamo mambo mawili ambayo waandishi wa sheria popote pale wangefaa kuyatazama.

La kwanza ni mzigo wa kuthibitisha. Kwa desturi, Serikali inapotaka kumzuia muuzaji, ni juu yake kuleta ithibati kwamba kiasi cha sumu kilichomo kinadhuru, na kazi hiyo huchukua miaka, wataalamu na fedha, ilhali bidhaa inaendelea kuuzwa. California iliugeuza mzigo huo. Mdai anatakiwa kuonesha kwamba kemikali imo katika orodha na kwamba inamfikia mtumiaji. Baada ya hapo ni juu ya mfanyabiashara kuthibitisha kuwa kiasi hicho ni kidogo mno. Kwa kemikali za saratani kipimo chake ni kwamba watu 100,000 wakikutana nayo kwa umri wa miaka 70, asizidi mgonjwa mmoja juu ya wale ambao wangeugua kwa sababu nyengine. Kwa kemikali za uzazi hutazamwa kiwango kisichoonesha athari yoyote, kikagawanywa kwa 1,000. Asiyeweza kuthibitisha, aandike tahadhari.

La pili ni nani mwenye haki ya kushitaki. Mwanasheria Mkuu wa jimbo anayo, na waendesha mashtaka wa wilaya na wa miji mikubwa wanayo, lakini sheria imempa haki hiyo mtu yeyote kwa maslahi ya umma, hata kama yeye mwenyewe hakudhurika. Mtu huyo kwanza humpelekea mfanyabiashara ilani ya siku 60, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na waendesha mashtaka wanaohusika. Siku hizo zikipita bila ya Serikali kulichukua shauri, yeye huingia mahakamani. Faini inaweza kufika dola 2,500 kwa siku kwa kila kosa. Kosa moja tu lililodumu siku 100 linaweza kufikia dola 250,000. Robo ya faini humwendea aliyeshitaki, na robo tatu huenda katika ofisi ya jimbo inayosimamia orodha. Kwa mpango huo sheria haikungojea mkaguzi aletwe, wala bajeti ipitishwe, wala gari la ofisi lipate mafuta.

Matokeo yake yalionekana mapema, na hayakuonekana katika maandishi. Watumishi waliofanya kazi zama za mashine za taipu wanaukumbuka wino mweupe wa kufutia makosa, wenye harufu kali. Baadhi ya chapa zake zilikuwa na trikloroetilini, kiyeyushi kilichomo katika orodha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hatua za kisheria zilipoanza, mtengenezaji alikuwa na njia mbili: aandike juu ya kichupa kwamba kina kitu cha kusababisha saratani, au abadilishe mchanganyiko. Mchanganyiko ukabadilishwa. Mwaka 2006 ikafuata sulhu iliyosajiliwa mahakamani kuhusu peremende za pilipili na ukwaju kutoka Mexico, zilizokutwa na risasi na zikiliwa na watoto. Watengenezaji walikubali isizidi sehemu 1 ya risasi katika sehemu milioni 10. Kadhalika mapambo ya bei rahisi: Mwanasheria Mkuu alishitaki mwaka 2004, na kufikia mwaka 2006 sulhu ilikwishapatikana na Baraza la Kutunga Sheria limepitisha mipaka ya risasi katika vidani, bangili na pete, hatua iliyovuka tahadhari na kuwa katazo. Katika mambo yote hayo mnunuzi hakusoma chochote. Kilichomkinga ni hofu ya muuzaji ya kulazimika kuandika.

Haifai, hata hivyo, kuisifu sheria hii kupita kiasi. Mlango ulio wazi kwa kila mtu huingiwa pia na wanaotafuta riziki, na wakatokea mawakili waliopeleka ilani kwa mamia wakitaraji sulhu ya haraka. Mwaka 2001 sheria ilirekebishwa ili mdai aambatanishe hati ya kuthibitisha kwamba ameshauriana na mtaalamu. Mwaka 2013 wafanyabiashara wakapewa siku 14 za kujirekebisha katika makosa fulani madogo, kama vile kukosa kibao mahali panapouzwa pombe au katika gereji za kuegesha magari. Ubaya mwengine ni wingi wa vibao. Mwenye shaka aliandika tahadhari ili alale usingizi, hata hoteli na maduka ya kahawa yakawa na maneno yale yale. Kahawa inapokaangwa hutoka akrilamidi, ambayo imo katika orodha. Shauri lililofunguliwa mwaka 2010 liliendelea hadi Machi 2018, ambapo hakimu wa Los Angeles aliona wauzaji wameshindwa kujitetea. Ikabidi ofisi ya jimbo itoe kanuni, iliyoanza tarehe 1 Oktoba, 2019, kueleza kwamba akrilamidi itokanayo na kukaanga kahawa haihitaji tahadhari. Mtu anayetahadharishwa kwa kila kitu hatimaye hatahadhari na chochote.

Marekebisho ya maandishi yalilenga tatizo hilo. Tokea tarehe 30 Agosti, 2018 tahadhari kamili hutakiwa kutaja kwa jina angalau kemikali moja, na kanuni zilizoanza tarehe 1 Januari, 2025 zimeutaka hata muundo mfupi ufanye hivyo, wafanyabiashara wakipewa miaka 3 ya kujipanga. Aidha, bidhaa ikiwa na maelezo kwa mnunuzi katika lugha isiyokuwa Kiingereza, tahadhari nayo lazima iandikwe kwa lugha hiyo. Sharti hili ni la busara kubwa. Onyo lililoandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi humlinda muuzaji peke yake.

Hata hivyo iko bidhaa moja ambayo sheria yote hiyo haikuifikia, nayo inatuhusu. Mwaka 2010 iligunduliwa California familia ambayo watu wake, wakiwemo ambao hawakujipaka chochote, walikuwa na zebaki mwilini kutokana na krimu ya kung'arisha ngozi iliyoletwa kutoka Mexico bila ya kupitia dukani. Mwaka 2019, katika mji wa Sacramento, ambao ndio makao makuu ya jimbo, mwanamke mmoja alilazwa hospitali akiwa karibu na kupoteza fahamu baada ya kutumia krimu iliyotiwa zebaki ya aina kali zaidi. Kopo lililopita mkono kwa mkono halina karatasi ya pembetatu, na hakuna wa kupelekewa ilani ya siku 60.

Kwa sababu hiyo zebaki katika vipodozi imewekewa katazo na si tahadhari. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, ulizuia vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni kuanzia mwaka 2020, na mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ukakiondoa kiwango hicho, ili ifikapo mwaka 2025 pasiwe na kipodozi chochote kilichotiwa zebaki. Hapa Zanzibar vipodozi viko chini ya Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi Namba 2 ya mwaka 2006, inayosimamiwa na Wakala wa Chakula na Dawa. Zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na hubakia katika taulo, mito na mikono ya anayemlea mtoto.

Wananchi wanaombwa kuyatazama makopo ya krimu za kung'arisha ngozi. Maneno "mercury", "calomel", "mercurous chloride", "mercuric iodide" au herufi "Hg" maana yake ni zebaki. Lisilokuwa na maelezo yoyote ya vilivyomo lisiaminiwe. Shirika la Afya Duniani limeeleza dalili nyengine: maelekezo ya kumtaka mtumiaji asiigusishe krimu na dhahabu, fedha, alumini au mpira, kwa kuwa zebaki hushikamana na madini hayo na kuyaharibu. Kopo la aina hiyo lifungwe barabara, litiwe katika chombo chenye mfuniko, lisitupwe jaani wala baharini, mikono ioshwe, na lifikishwe Wakala wa Chakula na Dawa pamoja na boksi lake na jina la duka lilikonunuliwa.