MWANGA MBELE YA JUA
Somo: Mwanzo 1:1-19

Ulizo moja linarudi kila mara katika darasa la dini: kama Mungu aliumba jua siku ya ine, ule mwanga wa siku ya kwanza ulitoka wapi?

Tuangalie kwanza ampuli. Mwanga wake hauanzii mu ampuli. Kule Nseke, maji ya Lualaba yanazungusha mashini, na umeme unapita mu nsinga. Ampuli inapokea tu. Ikiungua, Lualaba haijakauka.

Jua nalo ni vile. Watu wa Misri na Babeli waliliabudu. Lakini sura hii, katika Kiebrania, hailiiti hata kwa jina; inasema tu mwanga mkubwa, kitu kilichowekwa kwa kutumika. Nuru ilitoka kwa neno la Mungu.

Wenye elimu nao wanahesabu ulimwengu miaka karibu miliari 13,8, na jua miliari 4,6 tu. Kwao pia nuru ilitangulia jua. Hata hivi Biblia si kitabu cha fizika: inatufundisha kumjua Mwenye nuru.

Basi, ninyi wa mwaka wa sita, someni kwa nguvu. Lakini mwenye kuweka tumaini lake lote katika diploma, feza ao mukubwa fulani, anaabudu ampuli. Siku itaungua, atabaki mu giza.

Maulizo:
1. Soma Yoane 8:12. Nuru ni nani?
2. Ampuli yako ni nini?